Ruzuku, zabuni au fedha mkononi? Njia nne za halmashauri kugharamia huduma za wazee na watu wenye ulemavu

Kila msimu wa bajeti suala hili hurudi mezani. Kuna fungu la huduma za wazee na watu wazima wenye ulemavu wanaoishi majumbani mwao: kusaidiwa kuoga na kuvaa, usafiri wa kwenda kliniki, kituo cha kukutania mchana, mtu wa kumpumzisha mlezi wa familia japo saa mbili tatu. Hakuna anayebisha kwamba huduma hizi zinahitajika. Mvutano uko kwenye njia. Je, halmashauri iajiri wahudumu wake, ivipe ruzuku vikundi vya jamii, itangaze zabuni, au fedha akabidhiwe mhusika mwenyewe ajipangie?

Nimekaa pande mbili za meza hiyo. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi kilichosubiri ruzuku mpaka wahudumu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na nimekuwa mtoto wa mzee aliyekuwa akiletewa mhudumu mgeni karibu kila wiki. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya diwani, mjumbe wa kamati, kiongozi wa kikundi au mwanafamilia anayeulizwa maoni na hajui ashike lipi.

Vigezo nitakavyotumia

Njia zote nne nitazipima kwa maswali yaleyale. Nani anaamua mhudumu aje saa ngapi na afanye nini? Fedha zina uhakika wa muda gani? Mzigo wa hesabu na makaratasi unamwangukia nani? Asiye na ndugu, asiyesoma, au anayeishi mbali na mjini atafikiwa? Na mambo yakiharibika, nani anabaki bila huduma?

Hilo la mwisho ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na ndilo linaloulizwa kwa nadra vikaoni. Barabara isipokarabatiwa mwezi huu itakarabatiwa mwezi ujao. Mtu asiyeweza kujiinua kitandani hana mwezi ujao wa kusubiri. Ana asubuhi ya leo.

Njia ya kwanza: halmashauri itoe huduma yenyewe

Hapa wahudumu ni watumishi wa umma, na msimamizi wao yuko idara ya ustawi wa jamii. Uswidi ni mfano unaojulikana. Mageuzi ya mwaka 1992 yalizikabidhi manispaa zake, ambazo leo ni 290, dhamana ya matunzo ya wazee ya muda mrefu. Sehemu kubwa ya gharama hulipwa kwa kodi ya mapato inayotozwa na manispaa zenyewe, na mchango wa anayehudumiwa una ukomo wa kisheria tangu 2002.

*Maamuzi.* Afisa hufika nyumbani, hupima mahitaji na kuandika saa za huduma. Mhusika husikilizwa, lakini ratiba hupangwa ofisini, na ofisi ina mambo yake.

*Uhakika wa fedha.* Mkubwa, kwa sababu mishahara iko ndani ya bajeti ya kawaida. Hatari yake huja kimyakimya: ajira zinasitishwa, anayestaafu hazibiwi pengo, na waliobaki wanagawana nyumba alizokuwa akizihudumia.

*Mzigo wa hesabu.* Familia haina stakabadhi ya kutunza wala ripoti ya kuandika. Yote yako serikalini.

*Kufikia kila mtu.* Hapa njia hii inang'ara. Mtumishi wa umma huenda hata kule ambako hakuna mfanyabiashara atakayeona faida ya kwenda.

*Mambo yakiharibika.* Mhudumu akiugua, kuna mwingine wa kutumwa. Ila huyo mwingine ni mgeni. Mzee wetu alikuwa na mkono mmoja usionyooka vizuri, na shati ilibidi lianzie mkono huo; ukianzia ule mzima, ule mbovu hauingii tena bila maumivu. Kila mgeni alianza na mkono usiofaa. Mwishowe tuliandika maelekezo kwenye karatasi tukaibandika nyuma ya mlango wa chumba chake, na bado wengine hawakuisoma. Huduma ilikuwepo, na kwenye takwimu za ofisi ilihesabika kuwa imetolewa.

*Inamfaa nani.* Halmashauri yenye mapato yake ya kutegemewa, eneo lenye watu waliotawanyika, na watu wasio na wa kuwasemea. Inahitaji pia uongozi ulio tayari kumwacha mhudumu mmoja na nyumba zilezile.

Njia ya pili: ruzuku kwa kikundi cha jamii

Kikundi cha jamii, taasisi ya dini au chama cha watu wenye ulemavu kinaandika andiko, halmashauri inatoa fedha, kikundi kinaendesha huduma na kurejesha taarifa ya matumizi. Marekani ina mpangilio mkubwa wa aina hii. Sheria ya Wamarekani Wazee ya 1965 ilifungua fungu la taifa, na marekebisho ya 1973 yakaanzisha wakala za maeneo za masuala ya wazee, ambazo sasa zinazidi 600. Fedha hutoka serikali kuu, hupitia jimboni, hufika kwenye wakala, kisha nyingi hupewa mashirika ya karibu na watu kwa huduma kama chakula cha mchana, usafiri na kuwapumzisha walezi. Anayehudumiwa anaweza kuombwa mchango, ila ni wa hiari. Asiyechangia hanyimwi huduma.

*Maamuzi.* Kikundi hupanga, na kwa kuwa wahudumu mara nyingi ni majirani, wanajua mengi yasiyoandikika kwenye fomu: nani ana aibu ya kusaidiwa chooni na mtu wa jinsia nyingine, nani hasemi akiwa na njaa.

*Uhakika wa fedha.* Huu ndio udhaifu mkuu. Ruzuku nyingi ni za mwaka mmoja na hutolewa kwa awamu. Kikundi chetu kilikuwa na gari dogo lenye lifti ya kupandishia kiti mwendo. Awamu ya tatu ilisimama kwa sababu taarifa ya awamu ya pili ilikuwa na pengo la stakabadhi moja ya mafuta, ambayo dereva aliipoteza. Tuliandika barua, tukaambiwa tusubiri kikao, kikao kikaahirishwa. Gari lilikaa uani wiki sita huku tenki likiwa tupu. Mama mmoja aliyekuwa akija kituoni kila Jumanne na Alhamisi alivaa nguo zake za kutokea Jumanne mbili mfululizo akakaa mlangoni kulisubiri, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Sikatai kwamba fedha za umma lazima zihesabiwe. Ninachosema ni kwamba adhabu ya ile karatasi hatukuibeba mimi wala dereva.

*Mzigo wa hesabu.* Ni mzito kwa kikundi. Ruzuku ndogo inaweza kudai taarifa zilezile zinazodaiwa kwa kubwa, na wafadhili wengi hupenda kulipia shughuli, si mhasibu wala bima ya gari.

*Kufikia kila mtu.* Huduma inakuwa nzuri pale penye kikundi imara. Mtaa wa pili usio na kikundi hauna andiko, na usipokuwa na andiko hauna fedha. Kuna pia hatari ya kikundi kuhudumia watu wake kwanza.

*Mambo yakiharibika.* Ruzuku ikikoma, kikundi hakina kisheria wajibu wa kuendelea. Watu wema huendelea kwa kujitolea miezi miwili mitatu, kisha wanachoka.

*Inamfaa nani.* Shughuli ambazo nguvu yake ni ujirani: kituo cha mchana, kutembelea wapweke, usafiri, kuwapumzisha walezi. Kikundi kinachoingia makubaliano haya kipiganie mambo matatu kabla ya kutia saini: awamu ya kwanza itangulie kazi, muda uwe wa miaka miwili au mitatu, na kuwe na sehemu ya wazi ya gharama za uendeshaji. Ningeongeza la nne sasa: kasoro ya stakabadhi moja izuie kiasi cha stakabadhi hiyo tu, siyo awamu nzima.

Njia ya tatu: mkataba kwa zabuni

Halmashauri inaeleza huduma inayotaka, kampuni na mashirika yanashindana, mshindi analipwa kwa kazi. Uingereza huduma nyingi za majumbani zinazolipiwa na halmashauri hununuliwa kwa njia hii kutoka kwa watoa huduma wa nje.

*Maamuzi.* Anayeamua hasa ni aliyeandika vipimo vya zabuni. Kikilipwa kipimo cha dakika, huduma itapimwa kwa dakika. Ziara za robo saa zimelalamikiwa sana huko Uingereza, na ni vyema kuiangalia robo saa yenyewe. Mhudumu anabisha hodi na kusubiri mtu afike mlangoni kwa fremu yake ya kutembelea: dakika mbili, tatu. Anamsaidia kwenda chooni, na mwenye magoti mabovu haharakishwi: tano. Kunawa, kubadili nguo ya ndani, kurudi kitini: nne. Dawa zinatolewa kwenye kisanduku, maji yanamiminwa, daftari linajazwa. Imekwisha. Chai haijachemshwa, na hakuna aliyeuliza umelalaje. Kwa mtu anayeishi peke yake, pengine yule ndiye binadamu pekee atakayemwona siku hiyo.

*Uhakika wa fedha.* Ni bora kuliko ruzuku, kwa kuwa mkataba una nguvu ya kisheria na huwa wa miaka kadhaa. Tofauti ipo kwenye aina ya mkataba. Kuna unaolipia uwezo wote ulioandaliwa, ziwepo ziara au zisiwepo, na kuna unaolipia kila saa iliyotolewa tu. Wa kwanza humwezesha mtoa huduma kuajiri watu wa kudumu. Wa pili huokoa fedha za halmashauri lakini humwacha mhudumu bila uhakika wa saa zake, naye hupata kazi nyingine akaondoka. Angalia pia kama muda wa kusafiri kati ya nyumba na nyumba unalipwa. Usipolipwa, mhudumu ataukata kutoka kwenye dakika za mzee.

*Mzigo wa hesabu.* Mzabuni anaubeba na anauweka kwenye bei. Vikundi vidogo huanguka hapahapa: dhamana ya benki, hesabu zilizokaguliwa za miaka iliyopita, bima kubwa. Halmashauri inayotaka vishiriki inaweza kuigawa zabuni katika vipande vya kata kwa kata.

*Kufikia kila mtu.* Inategemea mkataba unasema nini. Usipoweka malipo ya ziada kwa maeneo ya mbali, maeneo ya mbali hayatapata mzabuni.

*Mambo yakiharibika.* Kampuni huweza kufilisika, na wanaohudumiwa wakajua siku ambayo mhudumu hakutokea. Sheria ya Matunzo ya England ya 2014 ililiona hilo: mtoa huduma akishindwa kibiashara na kusimamisha huduma, halmashauri ina wajibu wa muda wa kuhakikisha waliokuwa wakihudumiwa hawaachwi. Popote palipo na zabuni bila wajibu wa namna hiyo, ningeomba uandikwe kabla ya kitu kingine chochote.

Japani imepata namna ya kupunguza ubaya wa kushindania bei. Bima yake ya matunzo ya muda mrefu, iliyoanza Aprili 2000, inaendeshwa na manispaa. Kila mkazi huanza kuchangia akifikisha miaka 40. Nusu ya fedha hutoka kwenye michango na nusu kwenye kodi za ngazi tatu za serikali. Mahitaji hupimwa katika madaraja saba, mtumiaji hulipa asilimia 10, au 20 hadi 30 kwa mwenye kipato cha juu, kisha anachagua mtoa huduma aliyeidhinishwa. Bei za huduma hupangwa na serikali kuu na kupitiwa kila miaka mitatu. Basi mtoa huduma hawezi kumpata mteja kwa kushusha bei. Ambacho anaweza kukiboresha ni huduma.

*Inamfaa nani.* Mji wenye watoa huduma kadhaa na halmashauri yenye maofisa wa kutosha kusimamia mkataba baada ya kuusaini. Kusaini ni siku moja. Kusimamia ni miaka mitatu.

Njia ya nne: fedha mkononi mwa anayehudumiwa

Mahitaji yakishapimwa, kiasi kinapelekwa kwa mhusika naye anaajiri msaidizi amtakaye. Waliopigania njia hii ni watu wenye ulemavu wenyewe. Huko Berkeley, California, walianzisha kituo cha maisha ya kujitegemea mwaka 1972. Huko Stockholm waliunda chama cha ushirika cha STIL mwaka 1984. Bunge la Uingereza liliziruhusu halmashauri kulipa fedha moja kwa moja kwa sheria ya 1996, na mwaka 2000 ruhusa ikapanuliwa hadi kwa wenye miaka 65 na zaidi. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, inautaja msaada binafsi kuwa miongoni mwa huduma zinazomwezesha mtu kuishi ndani ya jamii.

*Maamuzi.* Yote ni ya mhusika. Anayetaka kuamka saa kumi na moja awahi kazini ataamka saa kumi na moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoheshimu jambo hilo kama hii.

*Uhakika wa fedha.* Ni wa wastani. Kiasi huweza kupunguzwa wakati wa kupimwa upya, na mtu mmoja hana sauti ya kampuni. Nchini Uswidi gharama zimegawanywa: chini ya sheria iliyoanza kutumika 1994, manispaa hubeba saa 20 za kwanza kwa wiki za msaada binafsi, na mwenye mahitaji ya msingi yanayozidi hapo hugharamiwa na taifa. Mgawanyo wa namna hiyo huikinga manispaa ndogo yenye wakazi wachache wenye mahitaji makubwa.

*Mzigo wa hesabu.* Mzito, na huwashtua wengi. Unakuwa mwajiri: mkataba wa kazi, likizo, makato, bima, taarifa kwa halmashauri. STIL ilionyesha njia ya kupumua: wanachama huunganisha fedha zao, chama kinashughulikia mishahara na hesabu, na kila mmoja anabaki kuwa msimamizi wa msaidizi wake. Kama halmashauri yenu inafikiria njia hii, ulizeni kwanza kama itagharamia chombo cha aina hiyo.

*Kufikia kila mtu.* Mwenye elimu, ndugu na ujasiri hunufaika haraka. Mwenye ugonjwa wa kusahau anahitaji mtu aliyeruhusiwa kisheria kumsimamia fedha, na huyo naye aangaliwe.

*Mambo yakiharibika.* Msaidizi asipotokea asubuhi, hakuna msimamizi wa kumpigia. Lazima kuwe na msaidizi wa akiba, na fungu lake lijumlishwe kwenye hesabu.

Kuna swali la familia pia, nalo si jepesi. Bima ya matunzo ya Ujerumani, iliyoanza 1995, inamruhusu mtu kuchagua fedha taslimu badala ya huduma, kwa kiwango cha chini kuliko thamani ya huduma, na wengi humtunza mzazi nyumbani kwa fedha hizo. Japani ilikataa kutoa fedha, na moja ya hoja zilizosikika, hasa kutoka kwa wanawake, ni kwamba fedha zingewafungia binti na mkaza mwana kwenye kazi ileile, safari hii kwa ujira mdogo. Nimeona nyumba ambapo fedha hizo zilikuwa heshima kwa binti aliyekwisha kuacha kazi yake. Nimeona pia nyingine ambapo zilikuwa sababu ya kaka zake kutofika tena.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima mwenye ulemavu anayejua anachotaka, hasa mwenye kazi au masomo, na mzee mwenye akili timamu aliye na mtu wa kumsaidia makaratasi.

Chanzo cha fedha kinabana uchaguzi

Halmashauri inayotegemea mgawo wa serikali kuu isiahidi ajira za kudumu au malipo ya mkononi ikiwa mgawo huchelewa. Wengine wametafuta chanzo maalumu. Katika kaunti nyingi za jimbo la Ohio nchini Marekani, wananchi hupiga kura kuidhinisha kodi ya majengo kwa ajili ya huduma za wazee, na muda wake ukiisha huulizwa tena. Uzuri ni kwamba fungu lina jina na haliwezi kuhamishiwa barabara. England nayo imeziruhusu halmashauri tangu 2016 kuongeza kodi ya makazi kwa ajili ya matunzo ya watu wazima. Kasoro ni kwamba eneo maskini hukusanya kidogo huku mahitaji yake yakiwa makubwa, hivyo chanzo hiki kinahitaji mkono wa serikali kuu wa kusawazisha.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

*Fedha ni kidogo na hamna mtoa huduma yeyote.* Anza na wahudumu wachache wa halmashauri kwa wale wasioweza kuamka bila msaada, na ruzuku ndogo kwa kikundi kimoja cha kutembelea wapweke. Zabuni bila wazabuni huzaa mkataba na mtu mmoja anayejipangia bei.

*Kuna vikundi vinavyofanya kazi vizuri tayari.* Msivilazimishe kuingia zabuni vikafa. Ruzuku ya miaka mitatu, ukaguzi mara moja kwa mwaka, na mhasibu mmoja wa kuvihudumia vyote.

*Mji ni mkubwa na watoa huduma ni wengi.* Mkataba unaweza kufaa, kwa sharti la bei ya chini isiyoshushwa, malipo ya muda wa safari, ziara isiyopungua nusu saa panapohusika mwili wa mtu, na mpango ulioandikwa wa nani atachukua nafasi mzabuni akianguka.

*Wanaodai huduma ni watu wenye ulemavu waliojipanga.* Wapeni fedha mkononi kwa majaribio, pamoja na gharama za chama chao cha kushughulikia mishahara. Wasipewe fedha bila chama hicho.

*Wewe ni familia na unaulizwa leo uchague kati ya huduma ya halmashauri na fedha taslimu.* Mwulize kwanza mhusika, akiwa peke yake na wewe, bila afisa. Kisha hesabu ni nani hasa atakayefanya kazi asubuhi, usiku na siku za sikukuu, uandike majina. Kama karatasi ina jina moja tu, chukua huduma, au chukua nusu kwa nusu pale inaporuhusiwa. Na uliza tarehe ya kupimwa upya, kwa sababu uamuzi wa leo unaweza kubadilishwa siku hiyo.